Uigaji wa Kompyuta na Mabasi ya Dar es Salaam: Unapima Nini, Unaacha Nini

Mjadala wa mabasi yaendayo haraka ya Dar es Salaam, maarufu kama mwendokasi, ukipamba moto, majibu huwa matatu. Wapo wanaosema ongezeni mabasi. Wapo wanaosema leteni kampuni nyingine, ushindani utanyoosha mambo. Na wapo wanaosema mabasi yaliyopo yanatosha kupunguza adha kubwa, kinachokosekana ni usimamizi. Siku hizi kuna jibu la nne, la wataalamu na washauri wa miundombinu: kabla ya kununua au kubadilisha chochote, tujaribu yote hayo ndani ya kompyuta.

Jibu hili la nne linawachanganya wengi. Kuna wanaolipokea kama hukumu ya mwisho: kompyuta imesema, basi. Kuna wanaoliona njia nyingine ya kula fedha za miradi, kwa kuwa abiria aliyesimama Kimara saa 12 asubuhi hahitaji programu ya kumwambia kwamba basi halijaja. Makala haya yanapima hoja za pande zote. Uigaji wa kompyuta ni chombo kizuri cha kulinganisha njia mbadala, lakini uzito wa jibu lake hauwezi kuzidi uzito wa makisio yaliyowekwa ndani yake. Na katika mji wa daladala, makisio yaliyo magumu zaidi ni yale yanayohusu tabia za watu.

Tulikotoka

Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilianzishwa mwaka 1974 ili kuubeba mji kwa mabasi ya umma. Mji ukakua kuliko mabasi. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria, na daladala zikashika usafiri wa jiji. Hazikuwa na ratiba. Zilikuwa na ruti, nauli iliyopangwa, na hesabu ya kupeleka kwa tajiri, yaani mwenye gari, kila jioni.

Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, DART, uliundwa mwaka 2007. Mabasi ya awamu ya kwanza yalianza kubeba abiria Mei 2016, katika njia ya takriban kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, yenye matawi ya Gerezani na Morocco. Yalianza mabasi 140, wakati makadirio ya mahitaji ya awamu hiyo yalikuwa 305. Daladala za Barabara ya Morogoro zikaondolewa zipishe mfumo mpya. Mji nao uliendelea kukua: sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa wa Dar es Salaam.

Pengo kati ya 140 na 305 limefanya mjadala wote uwe wa idadi. Ni haki, kwa sababu hakuna ratiba nzuri inayoweza kuumba viti visivyokuwepo. Lakini idadi ni swali la kwanza tu. La pili ni hili: kila basi likiongezwa litaleta nafuu kiasi gani, na kwa nani? Swali hilo ndilo lililowafanya wahandisi wa usafiri wakimbilie uigaji.

Uigaji unavyofanya kazi

Kuiga kwa kompyuta ni kuunda mji ndani ya programu, pamoja na barabara, vituo, mabasi na abiria wake, kisha kuuacha uendeshe asubuhi yake wenyewe huku kila kitu kikiandikwa.

Ziko aina tatu zinazotumika sana. Ya kwanza hugawa mji katika kanda, hukadiria watu wangapi wanatoka kanda moja kwenda nyingine, na kuwagawa kwenye barabara na ruti. Hii hufaa kupanga mtandao mzima wa miaka mingi ijayo. Ya pili hufuata gari moja moja, namna linavyoongeza mwendo, linavyofunga breki na linavyosubiri taa. Programu ya SUMO ya kituo cha utafiti cha DLR cha Ujerumani, ambayo hupatikana bure, na VISSIM ya kampuni ya PTV ya Karlsruhe ni za aina hii. Ya tatu hufuata mtu mmoja mmoja siku nzima, nyumbani, kazini, sokoni na kurudi. Mfano wake ni MATSim, iliyokuzwa na watafiti wa Berlin na Zurich na kutumika pia Afrika Kusini. Ndani yake siku hurudiwa tena na tena. Baadhi ya watu hubadilisha saa ya kutoka au njia ya kupita, hadi pale kubadilisha kunapoacha kuwasaidia.

Tuchukue kituo kimoja tuone undani wake. Basi linawasili Magomeni Mapipa saa 1:12 asubuhi. Programu inakagua kama kuna basi jingine limesimama mbele, na kama lipo, hili linasubiri. Inahesabu wanaoshuka, walioko jukwaani na nafasi zilizobaki. Kila anayepanda anachukua sekunde zake, na sekunde hizo huongezeka basi likishajaa, maana walioziba mlango hawana pa kusogea. Mlango unafungwa, waliobaki wanaendelea kusubiri na dakika zao zinaendelea kuhesabiwa. Hesabu hiyo inafanywa kwa kila basi, kila kituo, asubuhi nzima. Kisha asubuhi nzima inaendeshwa upya mara nyingi kwa bahati tofauti, kwa sababu hakuna Jumatatu mbili zinazolingana.

Kwa nini kuhesabu mabasi peke yake kunapotosha

Kazi yote hiyo ina sababu, na sababu ni kwamba mabasi huathiriana. Basi likichelewa kidogo, kituo kinachofuata hukuta watu wengi zaidi. Linakaa muda mrefu kuwapakia, linachelewa tena. Basi la nyuma linakuta wachache, linakwenda haraka na kulifikia la mbele. Ndiyo maana abiria anasubiri weee, kisha anaona matatu yakifuatana, la kwanza limejaa hadi mlangoni na la tatu lina viti. Newell na Potts walilieleza jambo hili kwa hisabati tangu mwaka 1964. Hutokea hata madereva wote wakiwa waadilifu.

Gharama yake inahesabika. Tuseme katika dakika 15 yanapita mabasi matatu. Yakiachana dakika tano tano, abiria anayefika kituoni wakati wowote atasubiri wastani wa dakika 2.5. Mabasi hayo hayo yakiacha pengo la dakika 13, kisha moja, kisha moja, wastani wa kusubiri unapanda hadi dakika 5.7, yaani zaidi ya mara mbili. Tena abiria 13 kati ya kila 15 watakuwa wamefika ndani ya lile pengo refu, na wote watagombea basi la kwanza. Ripoti ya jioni itasema mabasi yote yalitoka, na itakuwa imesema kweli.

Kwa hiyo anayelalamika kwamba mabasi hayatoshi na anayesema mabasi yametoka yote wanaweza wote kuwa sahihi. Mkanganyiko mwingi wa mjadala huu unaanzia hapo.

Hoja ya kwanza: kompyuta itangulie

Wanaotetea uigaji wana hoja tatu nzito. Kwanza, kosa la kompyutani halimchelewishi mtu kazini. Pili, njia mbadala zinaweza kupimwa kwa asubuhi ile ile na abiria wale wale, jambo ambalo barabara haiwezi kulitoa kamwe. Tatu, uigaji hufichua matokeo ambayo akili ya kawaida haiyatarajii. Mfano ni kituo kilichokwisha kuelemewa. Ukiongeza mabasi hapo bila kuongeza sehemu ya kusimama, mabasi yatapanga foleni nyuma ya jukwaa na safari ya kila mtu itarefuka.

Kuna mahali njia hii imezaa matunda. Stockholm, mji mkuu wa Sweden, ilijaribu mbinu ya kusawazisha nafasi kati ya mabasi, ambapo dereva huangalia umbali wake na basi la mbele na la nyuma badala ya kukimbizana na saa ya ratiba. Mbinu hiyo ilipimwa kwanza katika programu ya BusMezzo, kisha ikapelekwa barabarani kwa mabasi halisi.

Udhaifu wa hoja hii uko kwenye imani iliyopitiliza. Mwaka 2005 Bent Flyvbjerg na wenzake walichapisha uchunguzi wa miradi 210 ya usafiri katika nchi 14, wakilinganisha utabiri na hali halisi. Katika miradi ya reli, tisa kati ya kila kumi ilikuwa imetabiriwa abiria wengi kuliko waliopatikana. Makosa yote yangekuwa ya bahati mbaya, mengine yangeegemea upande wa pili. Yakiegemea upande mmoja tu, ni vigumu kutowatazama wanaotaka mradi upite. Modeli, yaani mji ule ulioundwa ndani ya programu, hutengenezwa na mtu, hulipiwa na mtu, na mara nyingi mafaili yake hubaki kabatini kwa mshauri.

Hoja ya pili: jaribu barabarani

Upande wa pili unasema dawa ni kujaribu kwa mabasi na watu wa kweli. Panga mabasi yatoke Kimara kwa utaratibu mpya kwa miezi miwili, pima, amua. Nguvu ya hoja hii ni kwamba tabia ambazo kompyuta ingezikisia zinaonekana kwa macho, na mwananchi anaamini alichokipanda kuliko mchoro wa rangi.

Lakini jaribio la barabarani lina mitego yake. Likianza Juni au Desemba, shule zikiwa zimefungwa, foleni itapungua hata kama utaratibu mpya hauna faida yoyote. Mabasi yanayohamishiwa njia moja yameondolewa njia nyingine, na wa kule hawajaulizwa. Jaribio pia hupewa wasimamizi bora na macho ya viongozi, na macho yakiondoka matokeo hushuka. Mwisho, yako mambo yasiyojaribika: huwezi kumwaga zege la barabara ya juu kwa miezi miwili ili uone kama itafaa.

Hoja ya tatu: kalamu na uzoefu vinatosha

Wa tatu ni madereva, makonda na wasimamizi wa vituo wanaosema majibu yanajulikana. Wasikilizwe. Mambo mengi makubwa hayahitaji programu yoyote. Kama basi linatumia dakika 90 kwenda na kurudi, na unataka moja kila dakika tatu, unahitaji mabasi 30. Mzunguko ukishuka hadi dakika 75, unahitaji 25. Kuokoa robo saa ni sawa na kupewa mabasi matano bila kwenda bandarini kuyatoa. Hesabu hiyo inaingia kwenye pakiti ya sigara, na inaeleza kwa nini kulinda njia ya mabasi isivamiwe na bodaboda na magari ya wakubwa ni suala la uchumi.

Kalamu huishia pale mambo yanapoanza kushikana. Haiwezi kusema basi la ishirini litakuta nini Manzese baada ya kumi na tisa yaliyotangulia kuchelewa kwa viwango tofauti. Uzoefu nao una mipaka. Dereva anaijua ruti yake na msimamizi anakijua kituo chake, lakini faida ya kituo kimoja inaweza kuwa hasara ya kinachofuata.

Funzo la Santiago

Mfano unaotajwa sana duniani ni wa Chile. Tarehe 10 Februari 2007, jiji la Santiago lilibadilisha mfumo wake wote wa mabasi kwa siku moja. Transantiago ilikuwa imepangwa na wataalamu wa kiwango cha juu, kwa modeli zilizochagua ruti na idadi ya mabasi. Mabasi yalipunguzwa, kwa hesabu kwamba yakienda haraka na yakisimamiwa vizuri yangetosha. Vituo vikafurika, reli ya chini ya ardhi ikaelemewa, na Rais Michelle Bachelet akawaomba radhi wananchi.

Ni rahisi kusema kompyuta ilidanganya. Ukichunguza unakuta kilichokosekana ni masharti ambayo hesabu iliyachukulia kuwa yapo. Njia maalum za mabasi nyingi zilikuwa hazijajengwa. Mfumo wa kufuatilia mabasi ulikuwa haujakamilika. Mikataba ya mwanzo ilizihakikishia kampuni mapato kwa kiasi ambacho kulaza basi gereji hakukuziumiza sana. Modeli ilijibu swali la mji wenye barabara za mabasi na usimamizi kamili, na mji huo haukuwepo siku ya uzinduzi.

Dar es Salaam ina funzo la karibu zaidi. Bonde la Msimbazi pale Jangwani hufurika mvua zikikolea, barabara hufungwa, na karakana ya mabasi iliyojengwa bondeni humo imewahi kuingiliwa na maji. Uigaji wa siku ya kawaida hautaonyesha lolote juu ya siku kama hiyo mpaka mtu aamue kuiweka ndani yake.

Tabia zisizoandikwa kwenye ratiba

Ugumu mkubwa kwa miji yetu ni kwamba programu nyingi zilizaliwa kwenye miji yenye ratiba. Daladala haiendeshwi na ratiba. Inaendeshwa na hesabu ya tajiri: kiasi maalum kwa siku, kinachozidi ni cha dereva na konda. Kutoka hapo tabia nyingine zote zinafuata. Abiria wakiwa wachache, gari linasubiri lijaze. Wakiwa wengi, linakimbia. Foleni ikizidi, linakatisha ruti na kugeuza njiani, na abiria wa mwisho wa ruti wanaachwa kwenye mataa. Deiwaka, yaani dereva wa kibarua, aliyeshika usukani kwa nusu siku ana sababu zaidi za kufanya hivyo. Modeli inayoipa daladala ratiba ya kila dakika nane itatoa matokeo safi yasiyohusu mji wowote unaojulikana.

Abiria naye ana mbinu zake. Jioni, anayekwenda mbali hupanda gari linaloelekea mjini na kugeuza nalo, ili apate kiti kabla gari halijafika kituo cha mwanzo. Programu inayodhani kila mtu hufuata njia fupi haitamwona. Itaona kituo chenye watu wachache na viti vitupu, wakati viti hivyo vimekaliwa tangu upande wa pili. Hata taa za barabarani zina tatizo hilo. Kupima faida ya kuyapa mabasi taa ya kijani hakuna maana ikiwa kwenye makutano hayo trafiki ndiye anayeita magari kwa mkono.

Mambo haya hayazuii uigaji. Yanadai ianze kazi ya miguu. Nairobi ilionyesha kwamba inawezekana: mradi wa Digital Matatus, uliohusisha Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, uliwapandisha wanafunzi kwenye matatu, yaani daladala za kule, wakiwa na simu, wakarekodi ruti na vituo, na mwaka 2014 ramani ikatolewa kwa umma. Kinachobaki ni kuhesabu pia watu na mienendo yao: nani alishindwa kupanda, gari liligeuzia wapi, lilisubiri muda gani kujaa.

Kupima uzito

Ukiziweka hoja tatu kwenye mizani, unaona kila moja inafaa swali tofauti. Swali la idadi ya jumla na mzunguko ni la kalamu, na kuliagizia modeli ya gharama ni kupoteza fedha. Swali linalohusu vitu vinavyoathiriana, kama upana wa kituo, mabasi ya moja kwa moja yanayoruka vituo, au mpango wa kusawazisha nafasi, ni la uigaji. Swali la watu watakavyopokea jambo, kama mfumo mpya wa tiketi, linahitaji jaribio la barabarani ambalo uigaji umesaidia kulipanga.

Hata pale uigaji unapofaa, tofauti kati ya njia mbili huaminika kuliko takwimu ya njia moja. Kama modeli imekosea kidogo idadi ya abiria, imekosea kwa njia zote mbili, na mara nyingi mpangilio wa ipi bora hubaki vile vile. Kusema mpango huu utapunguza kusubiri kwa asilimia kadhaa na nukta ni kujitia uhakika usiokuwepo. Kusema mpango huu unaushinda ule hata abiria wakizidi kwa robo, hata mabasi kumi yakiharibika, ni kauli inayoweza kubeba uamuzi.

Kwa hiyo mwananchi, mwandishi wa habari au mbunge anayeletewa matokeo ya uigaji ana haki ya kuuliza maswali manne. Modeli ilipimwa dhidi ya siku ambazo hazikutumika kuijenga, na ilikaribia kiasi gani? Makisio yake ni yapi, na yapi kati yake bado ni ahadi? Siku mbaya iliwekwa, yaani ya mvua, ya ajali, ya mabasi pungufu? Na dakika zilizookolewa ni za nani? Hili la mwisho husahaulika zaidi. Wastani wa njia nzima unaweza kushuka huku abiria wa vituo vya katikati, Manzese au Kagera, wakiendelea kupitwa na mabasi yaliyojaa tangu Kimara.

Hitimisho

Upungufu wa mabasi ni wa kweli na hakuna programu itakayouziba. Hata hivyo mabasi mapya yakipangwa vibaya hufuatana kama ya zamani, na fedha nyingi hununua nafuu ndogo. Uigaji unaweza kusaidia kutenganisha mambo hayo mawili, kwa sharti kwamba unalishwa data zilizokusanywa vituoni na ndani ya magari, unaiga daladala kama zinavyoendeshwa, na unakaguliwa na watu wasiolipwa na mradi.

Utaratibu wenye busara basi una hatua tano: kuhesabu abiria na magari, kufanya hesabu rahisi za kalamu, kuiga mipango michache iliyobaki pamoja na siku zake mbaya, kuujaribu ulioshinda katika njia moja wakati shule zimefunguliwa, kisha kurudisha matokeo kwenye modeli ili irekebishwe. Makisio na matokeo yachapishwe kwa Kiswahili kinachoeleweka kabla ya mikataba kusainiwa. Santiago ilianza na hesabu nzuri ikakosa masharti yake. Kuyaweka masharti hayo wazi mapema ni kazi ya gharama ndogo kuliko kununua basi moja.